Koo la Mwanaidi na Chupa ya Shomari

Mwanaidi, shoga yangu,

Mumeo hajambo. Naanza na yeye kwa sababu najua ndiye ungemuulizia kwanza, kabla hujauliza hata kama mie nimekula. Hajambo kabisa. Amenenepa, ile suti yake ya kaki ya mikono mifupi inambana tumboni. Bado ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, na kila Jumapili anasimama pale uwanjani anatuita ndugu zangu, anatueleza kwamba mlanguzi ni kupe na mnyonyaji ni mnyama. Watu wanapiga makofi. Mie nakaa nyuma na ukili wangu, nasuka, namtazama mdomo unavyokwenda.

Arobaini yako imepita, na mie nimefanya ulilonikataza. Ulinishika mkono ukaniambia, "Paulina, usimseme, ni baba wa mtoto wangu." Nimemsema. Nimemsema mbele ya watu, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini naanzia mbali kidogo, maana mwanao Rehema ataisoma barua hii akishakuwa mkubwa, na sitaki asikie tena habari za mama yake nusunusu.

Unaikumbuka ile miezi sabuni ilipoadimika. Tulikuwa tunapanga foleni kwenye duka la ushirika, tunarudi na kipande kilichokatwa kwa uzi, na siku nyingine tunarudi na mikono mitupu. Mumeo Shomari, siku ya Jumapili alikuwa akiwatukana wanaoficha bidhaa, Jumatatu yuko uani kwako anapika sabuni na kuiuza kwa mlango wa nyuma. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, alikuwa akiipata anakokujua mwenyewe. Siku ile akaikoroga na maji, akaitia kwenye chupa ya soda, akaiweka chini karibu na mtungi, palepale mlipokuwa mkiweka chupa za maji ya kunywa ili yapoe. Hakuiziba hata kwa kitambaa. Mtu mzima, kiongozi, anayejua kutuonya sie tusitupe maganda ya ndizi njiani.

Ulitoka kiwandani Chang'ombe kwa miguu, basi halikuja, jua linachoma. Mie nilikuwa nyuma yako, nimekuja kuazima ungo kwa wifi yako Tatu aliyekuwa kibarazani anapepeta mchele. Uliinama, ukachukua chupa, ukapiga funda moja kubwa la mtu mwenye kiu. Kisha ukapiga magoti.

Ulikuwa umefumba macho, kwa hiyo hukuona nilichokiona. Shomari alitoka ndani. Aliitazama chupa kabla hajakutazama wewe. Akaiokota, akaenda kuimwaga chooni, akarudi, ndipo akauliza, "Ana nini huyu?" Mie nilikuwa nimekushika kichwa, povu linakutoka, na yule bwana anauliza una nini.

Hospitali ulipoweza kusema uliwaambia, "Nilikosea chupa." Hukusema chupa ya nani. Yeye huku mtaani alikuwa keshawaambia watu, kwa ile sauti yake ya chini ya kuaminisha, kwamba wanawake wana wivu, kwamba alikudokezea habari ya mke wa pili nawe ukaamua kujidhuru. Watu wakatikisa vichwa. Wakamwonea huruma.

Kidonda cha ndani kilipona, na kupona kwenyewe ndiko kulikokuziba. Kovu lilikaza koo. Kwanza ugali ukakataa kupita, kisha wali, kisha uji, mwisho hata mate yako mwenyewe ulikuwa unayatema kwenye kopo. Walikupanua kwa ile mipira mirefu uliyoiita fimbo, leo inapita, wiki ijayo pamezibika tena. Hata ndipo akaja yule daktari mrefu aliyerudi masomoni ng'ambo, viatu vinang'aa, anawafundisha wanafunzi wake juu ya mwili wako kama umelazwa pale uwe meza yao. "Umio wote umekufa," aliwaambia wao, si wewe. Mie ndiye niliyemuuliza umio ndiyo nini. Akanitazama kama kiti kimeongea, akanijibu kwamba ni njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, kwamba wataitoa yote, walivute tumbo lipande juu kupitia kifuani, waliunganishe hapa. Akajigusa shingo. Halafu akaondoka.

Walikutoa chumba cha upasuaji ukiwa umejaa mipira. Mmoja mbavuni, unashuka hadi kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, ukivuta pumzi maji yanapanda, ukitoa yanabubujika. Mwingine mwembamba umepenyezwa kwenye utumbo, huo ndio wa chakula. Bandeji shingoni. Sista alikufundisha kukumbatia mto kifuani na kukohoa, kila mara, hata kama unalia, maana makohozi yakilala mapafuni yanaoza. Na sauti ilikuwa imekwenda. Daktari alisema mshipa wa fahamu wa sauti uliguswa, huenda ikarudi, huenda isirudi.

Wote waliokuja kukuona walikuinamia wakasema, "Sema kwa nguvu, mama." Mie sikukuambia hivyo. Tumesimama miaka kwenye mashine za kufuma zinazopiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati, tukisengenyana kwa midomo tu bila sauti kutoka. Ulichezesha midomo, nikasoma. Neno lako la kwanza baada ya upasuaji ule lilikuwa, "Rehema amekula?"

Sasa nifike kwa Tatu. Kwenye kitanda chako kulining'inizwa karatasi kwamba usipewe kitu chochote mdomoni. Sista alimsomea, akamweleza kwamba mshono wa shingoni ungali mbichi, hata maji bado. Tatu akaitika, "Ndiyo, sista," kwa unyenyekevu mkubwa. Sista alipogeuka, akafungua chupa ya chai chini ya khanga. Uji wa mchele, mzito, wa moto. "Wanakuua kwa njaa hawa," alikwambia. Na wewe, mwanamke wa adabu za kijinga, hukuweza kumkatalia wifi yako. Nilikuwa naosha kopo lako. Niliporudi ulikuwa umeshameza.

Uji ulitoka shingoni. Uliloanisha bandeji, ukateremka kifuani, mweupe na chembe zake za mchele. Tatu alipiga yowe la uchawi, akakimbia na kuacha chupa yake ya chai. Jioni hiyohiyo Temeke nzima ilijua kwamba Mwanaidi ameota mdomo wa pili.

Nilimlaani sana Tatu, lakini daktari mwenyewe alinisahihisha. Alikuja mbio, bila wanafunzi. Alikushika paji la uso, akaona una homa, akaona shingo imevimba na kuwa nyekundu, akasema uji haukutoboa kitu. Umeonyesha tu tundu lililokuwepo, na kuliongezea uchafu. Kisha akavuta kiti akaketi, akakutazama wewe usoni kwa mara ya kwanza. "Mama, mshono umevuja. Hutokea, na imetokea mikononi mwangu. Si uchawi, wala hukukosea wewe." Akakukata nyuzi kadhaa palepale kitandani. Usaha ukatoka pamoja na mate, na harufu ikajaa wodi hadi wagonjwa wa upande wa pili wakageukia ukutani. Nilimuuliza mbona anazidi kukufungua badala ya kushona. Akanijibu kwamba ukishona juu ya uozo, uozo unatafuta njia ya kushuka kifuani, na ukishuka huko tunakupoteza. Bora utoke nje. Tusafishe, tukulishe kwa ule mpira wa utumboni, tusubiri mwili ujizibe wenyewe.

"Kwa muda gani?" nilimuuliza.

"Mwili hauna haraka," alisema. Sijui huko ng'ambo walimfundisha hivyo, au alikuwa amechoka tu.

Basi tukasubiri. Asubuhi wakikuchoma sindano, wakibadilisha chachi zilizoloa mate, na mie nikitoka zamu nakuja na chakula chako kwenye chupa. Maziwa, yai, sukari, yote nimeyachuja kwa kitambaa ili mpira usizibe. Nilijifunza kuyateremsha tone kwa tone, maana siku niliyoharakisha ulitokwa jasho na tumbo likakukata hadi ukang'ata shuka. Maziwa na sukari vilikuwa havionekani madukani. Wanawake wa kiwandani ndio waliotoa, kila mtu alichomega kwenye sukari yake ya nyumbani, kwenye vikaratasi, na hakuna aliyetaka jina lake litajwe.

Na mumeo, ambaye duka la ushirika lilikuwa linamfungukia akikohoa tu? Alileta maneno. Alikuja na wenzake wawili wa mikutano, akasimama mguuni pa kitanda, leso puani, akakuhutubia. "Ndugu Mwanaidi, jikaze, taifa linakuhitaji." Kukuhutubia, Mwanaidi. Mke wake mwenyewe. Hakugusa hata kidole chako. Hakuja tena. Nilipomkuta njiani nikamwuliza, alinijibu bila haya, "Ile harufu siiwezi, Paulina. Mie mtu wa kukaa na watu." Akaenda Keko akaoa, na wewe huku unatema mate kwenye kopo.

Nilipokuletea habari hiyo nilitaka ukasirike. Nilikuwa nimejiandaa kukushika using'oe mipira. Ukachezesha midomo tu, "Amepata wa kumpikia." Nikatoka nje, nikalia kwa hasira kwenye ukuta wa jikoni la hospitali, na hasira yenyewe nusu ilikuwa juu yako.

Ikaja siku ya maji ya buluu. Daktari alikupa kikombe cha maji yaliyotiwa rangi, akaweka chachi nyeupe shingoni, sote tukaikodolea macho. Ukameza. Tukangoja. Doa la buluu likachomoza, dogo kama jicho la samaki. Ulilia bila sauti, na daktari akatoka, sikumlaumu. Tukarudi kwenye chachi na matone. Waliporudia mara nyingine, chachi ilibaki nyeupe. Daktari akaitoa, akaigeuza huku na huku, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, bado nyeupe. Akacheka kama mtoto. "Mpeni chai," alisema. Mie hadi leo simpendi yule mtu, ana majivuno, lakini hakukukimbia ulipokuwa unaoza. Hilo namkubalia.

Ulirudi kwenye chumba changu, si kwa Shomari. Shingo ilikuwa imefunga, imeacha kovu la kukunjana, na kwa sababu kovu lilipenda kukaza ulikuwa unarudi kwenye zile fimbo mara kwa mara. Ulikula kidogokidogo kama ndege, umekaa wima. Usiku ulilala umeegemea mito, kwa kuwa tumbo sasa liko kifuani na halina mlango, ukilala chali chakula kinapanda. Sauti ilirudi imekwaruzika, kama mtu anayekunja karatasi. Kiwandani wakakupa kazi ya kukaa, kuchambua nyuzi. Na ile Idi ulikula chapati. Moja. Ilikuchukua asubuhi nzima, na Rehema alikaa mlangoni akiwazuia watoto wa jirani wasiingie kukuvuruga. Sijawahi kuona mtu akila kwa fahari namna ile.

Haya nayasema yote kwa sababu ya neno moja. Mtu aliyetaka kufa hafanyi hivi. Hakohoi akiwa amekumbatia mto huku mbavu zimepasuliwa. Hangoji maji ya buluu mara mbili.

Masika haya ukapata homa. Unajua wewe ilivyokuwa, au labda hukujua, maana ulikuwa unaweweseka. Uliteleza kwenye mito, ukatapika, matapishi yakaingia mapafuni. Tulikuwahisha hospitali, yule daktari akaja mwenyewe, akasikiliza kifua akainua macho kunitazama, nami nikayaelewa. Hukuteseka siku nyingi.

Wakakulaza kaburini kwa ubavu, bila mto. Sikuwa makaburini, wanawake hatukwenda, lakini nilikaa ukumbini na wifi yako na majirani nikiwaza jambo la kipumbavu, kwamba jamani mwinueni kidogo, hawezi kulala hivyo.

Na msiba ukawekwa kwa nani? Kwa Shomari. Hakuwahi kukupa talaka, kwa hiyo ghafla ukawa tena mkewe, na Rehema akarudishwa kwake. Akakaa kwenye jamvi mbele ya nyumba, kanzu nyeupe, anapokea mikono ya pole, anafuta macho kwa leso ileile. Akiulizwa, anashusha pumzi, anasema, "Mwanaidi alichoka na dunia zamani, tangu siku ile. Tumemwombea sana." Tumemwombea. Ningekuwa na jiwe mkononi siku ile usingeandikiwa barua kutoka Temeke, ungeandikiwa kutoka gerezani.

Lakini bado nilinyamaza, nikakumbuka mkono wako juu ya wangu. Nilinyamaza hadi asubuhi ya arobaini. Nilikuwa uani kwa Shomari nasuuza sahani, Rehema ananipokea na kuzipanga. Bila kuinua uso akaniuliza, "Mama Paulina, mama alinichoka mie?"

Hapo Mwanaidi nilikupima wewe na mwanao. Samahani, aliye hai alikuwa mzito zaidi.

Nilifuta mikono, nikamshika Rehema, nikapita naye katikati ya wanawake hadi mbele, kwenye jamvi la wanaume. Kisomo kilikuwa kimekwisha, wanangoja chakula. Nikasema, "Rehema, mama yako hakutaka kufa. Alikuwa na kiu. Baba yako alikuwa anapika sabuni ya magendo, akaweka kostiki kwenye chupa ya soda karibu na mtungi. Mama yako akadhani maji. Na baba yako akaimwaga chooni kabla hajamgusa mama yako. Nilikuwepo."

Shomari hakusimama. Alitabasamu, lile tabasamu la mkutanoni mtu akiuliza swali baya. "Ndugu zangu," alisema, "msameheni huyu dada, kelele za mashine zimemharibu kichwa. Wala si wa dini yetu, hajui adabu za kisomo." Nikaona watu wanaanza kuinamisha vichwa, ile namna yao ya kumkubali. Walishakubali mara ngapi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu. "Ni kweli." Niligeuka. Tatu, na mwiko wa pilau mkononi. "Nilikuwa kibarazani napepeta. Chupa ile niliiona. Kaka, niliiona hata ulipoikoroga."

Mwanaidi, mie simpendi Tatu. Alikunywesha uji, akakutangaza mtaa mzima, na jambo hili alilificha miaka yote akila sahani moja na kaka yake. Sikumkumbatia. Lakini alilisema pale, mbele ya watu wote. Shomari alisema tu, "Leteni chakula," na watu, hawana aibu watu, wakala.

Usidhani amepatwa na lolote. Hakuna aliyemwondoa ubalozi. Hakuna aliyemwita polisi kwa sabuni iliyokwisha kuoshewa nguo. Bado ukitaka barua ya utambulisho unapita kwake, bado anakuuliza kama umelipia kadi ya chama. Kilichobadilika ni kimoja. Siku ileile Rehema alikusanya nguo zake kwenye khanga, akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akaja chumbani kwangu. Shomari hakumfuata. Kwa mtazamo wake, nadhani, alipungukiwa mdomo wa kulisha.

Yuko hapa sasa. Yuko darasa la sita, anapenda hesabu, anakula kwa haraka hadi namkaripia. Amelala chali, mikono ameitupa huku na huku, mdomo wazi. Juzi alinieleza kwamba akimaliza shule atakuwa sista wa hospitali. Nilimwambia asome, hayo mengine tutayaona.

Kwa hiyo kwaheri, mwenzangu. Uliniomba kunyamaza, nami nakuahidi kinyume chake, na huna namna ya kunizuia. Nitazeeka nikilisema. Na siku Shomari atakapokufa, nitakwenda msibani kwake. Nitavaa vizuri. Nitakaa na wanawake, nitakula pilau yake nishibe, na mtu yeyote atakayeniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia avute kiti.

Wako,
Paulina